Sikio la Kangaga

Nililinunua kwa pauni nne, sokoni Swansea,
kwa mwanamke aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu kaka yake:
birika, viatu vya mvua, saa isiyokwenda,
na ndoo yenye majani matatu yaliyojikunja
kama ngumi za mtoto mchanga.
Linaitwaje?
Akageuza kibao. Wino ulikwisha oshwa na maji.
"Jina alikuwa nalo kaka," akasema, akanifungia gazeti.

Nyumba yetu kule Townhill ina chumba kimoja tu chenye mvuke.
Nikaliweka juu ya sinki, kisha sakafuni,
kisha, mwaka wa tatu, ndani ya hodhi lenyewe,
nasi tukawa twaoga kwa kopo, wima, ubavu ukutani.
Mbwana akalalama: "Nimeoa mke mmoja,
huyu wa pili mwenye mikono kumi na miwili
kanijia na mahari gani?"

Maji ya bomba sikulinywesha.
Mvua ya hapa haina chokaa wala haina likizo;
nategea ndoo dirishani, Jumatatu hadi Jumatatu.
Mizizi isikauke hata siku moja.
Jua lisilitazame usoni.
Baridi ya Januari ikipenya ufa wa dirisha
ncha za majani huungua
kana kwamba zimepitishwa kwenye kibatari.

Fundi wa boila akasema: mnazi huo.
Mwalimu wa Shukrani akasema: kangaga-mti, la Australia.
Nikapapasa nikitafuta manyoya, maana lile lina manyoya,
nikatafuta shina, maana lile lina shina.
Hapakuwa na shina. Palikuwa na bonge,
viazi vikuu vimekumbatiana gizani.

Ndipo akaja Glenys wa mlango wa pili,
miaka arobaini alisaga vioo vya miwani,
lenzi yake inaning'inia kwa kamba ya kiatu,
kifaa chake cha kusikia kinapiga mluzi kwenye mvuke.
"Usitazame uso," akasema. "Ligeuze."
Nyuma ya jani, kandokando ya ukingo,
vipochi vya kahawia, safu kwa safu,
si punje mojamoja bali zimeshonwa pamoja,
na vilivyokomaa vimepasuka mdomo.
Kisha akazamisha mkono chini, penye kitako cha jani.
"Na hapa lina masikio."
Kweli. Mawili, manene, ya nyama,
moja huku, moja huku.

Usiku wa tatu akagonga ukuta.
Alikuwa ameliandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
Marattia fraxinea.
Kitabu chake cha zamani kilisema makao yake:
kingo za vijito, misitu ya milimani,
nacho kikataja Usambara.

Mimi mzaliwa wa Muheza.
Nimepita chini yake nikipanda Amani, mzigo kichwani,
nimeyasukuma kwa kiwiko yanipishe.

Nikampigia mama mdogo.
"Yale makubwa ya kijitoni, yanaitwaje?"
"Yapi? Yale? Majani tu." Akacheka hadi salio likaisha.
"Umeyanunua?"

Februari tulikata sikio moja kwa kisu cha mkate,
tukalilaza kwenye kuvumwani ndani ya mfuko wa nailoni,
tukalificha chini ya sinki.
Machi, kimya. Aprili, kimya.
Juni, Mbwana akitafuta dawa ya choo
akaniita kwa sauti ambayo sikuizoea:
penye jeraha palikuwa na ngumi moja, ndogo,
kubwa kuliko punje ya mtama kwa kidogo sana.

Nikagonga kwa Glenys. Hakusikia. Nikagonga tena,
kopo la siagi mkononi, kibao kimechomekwa.
Nimeandika kwa penseli safari hii, si wino.
Juu, Kilatini chake.
Chini nimeacha nafasi.